Mzee wa Kanisa na Mwisho wa Nyar Polo

Watu wanaotazama video zangu huniuliza lile koti jeusi lenye bitana nyekundu nililinunua wapi. Sikulinunua. Nilishonewa na mzee wa kanisa wa Oyugis, Msabato hasa, mtu aliyekataa majani ya chai na filamu lakini akafungua chumba cha gemu nyuma ya soko. Siku hizi nakaa Migori mjini, na kazi yangu ni kucheza gemu na kueleza mtandaoni, kwa Kiswahili na Kijaluo kidogo, wapi imefanya vizuri na wapi imeharibu. Wapo wanaosema nina jicho. Jicho hilo lilinolewa kwake, na leo nataka nimzungumzie yeye. Shida ni kwamba siwezi kumweleza bila kuieleza gemu moja, na gemu hiyo siwezi kuieleza bila yeye.

Usiniulize alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Sikuwahi kuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kujieleza. Akiwa hayupo tulimwita Mzee wa Kanisa. Akiwepo tulimwita Jaduong', kama Wajaluo tunavyomwita mwanamume yeyote mwenye umri na heshima. Alikuwa fundi wa nguo mpaka mitumba ikamaliza wateja wake. Mwanawe wa Nairobi akamletea televisheni na mashine ya gemu ili asikae bure, basi mzee akatoa meza ya kukatia nguo na mahali pake akaweka benchi. Cherehani aliiacha palepale mlangoni. Ukisikia imenyamaza, jua anakutazama juu ya miwani.

Gemu za watu kupigana risasi hakuzitaka kabisa. "Mtu ana roho," alisema, "hata wa kwenye televisheni sijui kama hana." Gemu ya mpira aliivumilia shingo upande, kwa sababu vijana walipiga kelele mpaka mwenye duka la mbolea jirani akaja kulalamika. Lakini kupiga mashine hakukumsumbua. "Hiyo ni chuma tu. Chuma gonga." Hivyo ndivyo Nyar Polo alivyopata ruhusa ya kuingia nyumba ya Msabato.

Jina la kweli la gemu hiyo lilikuwa la Kiingereza, refu, na kasha lake lilikuwa limepotea zamani. Sisi tukaiita kwa jina tulilompa dada aliyekuwa ndani yake: Nyar Polo, binti wa juu mawinguni. Alikuwa mrefu, mwenye koti jeusi lililofika visiginoni na upanga uliotoa mwanga, naye alishuka katika mji uliojengwa juu ya mawingu, mji ambao mashine ziliwafukuza wenyeji. Alimtafuta ndugu yake. Hivyo ndivyo tulivyoelewa, maana maandishi ya chini yalikuwa madogo kama mbegu za mchicha, na wale watu wa gemu walizungumza Kiingereza cha mafumbo. Mzee wa Kanisa ndiye aliyetufumbulia hadithi. Alitazama siku nzima, akarudi kwenye sindano yake, akasema, "Anatafuta ndugu. Angalia anavyofungua milango. Mtu anayetafuta vita hafungui milango pole namna hiyo."

Sasa nieleze desturi ya mlango, maana kila kitu nilicho nacho kimetoka hapo. Ukimaliza kucheza, ulimkuta ameweka rula yake ya mbao ya kupimia nguo toka kwenye cherehani hadi kwenye fremu ya mlango, kama kizuizi cha polisi barabarani. Huwezi kupita. Anauliza, "Ber?" Yaani uzuri ni upi. Unasema uzuri mmoja wa ulichocheza. Kisha, "Rach?" Ubaya ni upi. Unasema ubaya mmoja. Ukianza na ubaya anakurudisha benchi. Ukisema iko sawa tu, anakurudisha benchi vilevile, na kukwambia hata uji baridi uko sawa tu. Na hukuruhusiwa kusema ubaya wake ni kwamba umeshindwa.

Nilipofika mara ya kwanza nilikuwa nimevaa sare ya shule, nikiwa na hasira za njaa. Nilisema, "Ber, dada ni mrembo." Rula haikuondoka. "Mrembo vipi?" Nikafikiri. Nikasema akigeuka, koti linachelewa kidogo kumfuata, halafu linakuja, na ule wekundu wa ndani unaonekana kidogo tu, kisha basi. Mzee aliondoa miwani. "Aliyekata hilo koti anajua kazi," alisema. "Na rach?" Nikasema sijui. Akasema, "Mimi najua. Halina vifungo. Kule juu mawinguni kuna baridi, atajifunika na nini?" Nilicheka mpaka nikasahau njaa.

Ubaya wa vifungo hakuuacha mpaka mwisho. Kwa mambo mengine alikuwa mkarimu zaidi. Kulikuwa na ujanja mmoja ndani ya ile gemu: adui akikurushia pigo, ukakwepa wakati uleule linapokukaribia, dunia nzima inapunguza mwendo. Matone ya mvua yanasimama hewani, mashine zinakwenda taratibu, na wewe peke yako una nafasi ya kufikiri. Mzee aliuita kupumua. "Amepumua," alinong'ona, na cherehani ikasimama. Siku moja mkewe, ambaye sote tulimwita Mama, aliingia na jagi la maziwa moto akamkuta anatueleza kwamba mwanamume akipewa kipaji hicho hatamjibu mkewe kwa haraka. Mama akaweka jagi chini. "Wewe ukipewa, utapumua mpaka chakula kipoe," alimwambia. Neno hilo limeenea. Nasikia hata leo kuna vijana wa bodaboda Oyugis wanaoambiana, pumua kwanza.

Kamera ya gemu ile ndiyo ilikuwa ugonjwa. Ukipigana karibu na nguzo, kamera inajificha nyuma ya nguzo na wewe unapigwa na kitu usichokiona. Mzee aliinuka kwenye kiti, akaenda pembeni ya televisheni, akainamisha kichwa kuchungulia nyuma ya nguzo. Alijua haiwezekani. Alifanya hivyo kila mara, tukacheka kila mara, na yeye akatukaripia kila mara.

Na maadui walirudiarudia. Mashine uliyoiua sura ya kwanza ulikutana nayo tena sura ya nne, imepakwa bluu. Mzee alikunja uso. "Hii ni pikipiki ya wizi," alisema. "Wamebadilisha rangi tu, wanafikiri mwenyewe hataitambua." Alipenda sana kumkamata mtu wa mbali, wa nchi asiyoijua, akifanya uvivu uleule wa Oyugis.

Muziki wa sura ya mvua, hapo hakuwa na rach. Piano tu na kitu kama filimbi. Nyimbo za dunia hazikuimbwa kwake, lakini tulimsikia akifagia huku akiuvumisha kwa pua. Sabato moja akajikuta anauvumisha kanisani wakati wa sadaka, na jirani yake akauliza ni wimbo namba ngapi. Alitusimulia mwenyewe, kwa aibu na fahari pamoja.

Nisije nikamfanya malaika. Mwenyewe angeweka rula mlangoni. Rach yake: alikuwa mshindani, hakujua kuomba msamaha, na kama mafundi wote niliowajua, ahadi yake ya nguo ilikuwa ya kukuliwaza tu. Akikwambia Jumatano, uliza ya mwezi gani. Vijana wa mpira aliwanunia mpaka wakahama. Sifa alizitoa kwa kipimo, kama chumvi mwisho wa mwezi. Mimi nilikaa pale likizo baada ya likizo kabla hajaniambia nacheza vizuri, na aliposema, alimwambia mama yangu, si mimi.

Mama yangu aliuza mboga sokoni, na siku aliyogundua ninakoshinda alikuja na kanga imefungwa kiunoni, tayari kwa vita. Mzee hakubishana. Alimpa kiti, akamwambia, "Mama, tazama kwanza." Mama yangu akatazama. Nilimuua mkubwa wa sura ya tatu, ile mashine inayolinda mwisho wa sura, mbele yake. Alipotaka kutoka akakuta rula. "Ber?" Mama yangu, mtu asiyechezewa, akajikuta anajibu. Alisema amependa kwamba ni msichana na hakuna anayemuokoa. "Rach?" "Rach ni kwamba sufuria zangu hazijaoshwa toka asubuhi." Mzee akanigeukia akasema hiyo ni rach ya kweli, niende nikaoshe, na nisirudi kabla hazijang'aa. Tangu hapo mama hakunikataza, na mimi nikawa bingwa wa kuosha sufuria.

Kulikuwa pia na mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Ogwedhi, aliyepita Oyugis siku za soko akiwa na fimbo na gambuti. Yeye hakukwepa kitu. Alipiga tu mbele, mbele, mbele. Mlangoni ber yake ilikuwa upanga. Rach yake alifikiria muda mrefu, akasema kwa Kiswahili chake cha kule mpakani, "Huyu dada hakai chini. Toka nimekuja anatembea. Mtu wa kutafuta ng'ombe hata yeye anakaa." Tulimcheka. Mzee hakucheka, akaondoa rula.

Sasa, ubaya mkubwa kuliko wote. Sura ya mwisho ilikuwa ndefu na haikuwa na mahali popote pa kusevu. Ukianza, umalize. Stima ya Oyugis unaijua au umeisikia: ikipotea katikati, umerudi mwanzo. Hakuna aliyekuwa ameuona mwisho. Hakuna aliyejua kama Nyar Polo alimpata ndugu yake, na jambo hilo lilimla mzee kuliko alivyotaka tujue.

Mwanzoni alipata suluhisho lake. Ijumaa jua likielekea kuzama, alisimamisha gemu ilipofikia, akaifunika televisheni kwa kitambaa cheupe cha kushonwa kwa mkono, akaiacha mashine ikiwaka mpaka Jumamosi jioni, Sabato ikishaisha. Mzee mwenzake wa kanisa akapita dirishani, akasikia mashine inavuma. Kesi ikafika baraza la kanisa: je, mashine iliyosimamishwa inapumzika au inafanya kazi siku ya Sabato? Mzee wetu alisema imesimama, haifanyi kazi, na hata moyo wake mwenyewe hupiga siku ya Sabato. Mwenzake akasema moyo hauna taa nyekundu mbele. Wakaamua ichomolewe. Alirudi amenuna, lakini alitii. Kutoka siku hiyo, Ijumaa ilikuwa ni kuchomoa.

Na mimi, kwa bahati yangu, nilifika kwenye mlango wa mwisho siku ya Ijumaa. Nilikuwa kidato cha tatu, likizo ya Agosti. Stima ilikuwa imekaa toka mchana kama imetumwa. Mashine kubwa ya mwisho ilikuwa imeanguka, na Nyar Polo alikuwa anapanda ngazi ndefu kuelekea mlango mmoja mweupe. Benchi zote zilijaa, hakuna aliyepumua. Mzee alisimama. Alitazama dirishani, jua lilikuwa limegusa mabati ya soko. Alitazama televisheni. Nikasema, "Jaduong', ngazi tu zimebaki." Mkono wake ulikuwa kwenye waya. Akachomoa.

Nililia kwa hasira mbele ya watu. Wengine wakatoka bila rula. Yeye akaja akakaa benchi karibu na mimi, chumba kimeanza giza. "Mimi pia nilitaka kuona, nyara," alisema. Nyara, binti yangu. Hakuwahi kuniita hivyo. "Utarudia Jumapili." Lakini Jumamosi usiku, Sabato imeisha na mashine imechomekwa tena, stima ilipotea, na iliporudi ilirudi na nguvu ikachoma mashine. Jumapili nilimkuta ameipakata inanuka moshi.

Hapo ndipo tulipoahidiana. Nilijua naweza kwenda saiba, kwenye kompyuta za kukodi, nikatafuta mwisho mtandaoni, nikamwambia hivyo. Alikataa katakata. "Usiniletee cha kuambiwa. Siku tutakapoipata, tutazame wote. Asitazame mmoja peke yake." Nikampa mkono. Akafunga chumba, akarudi kwenye cherehani, na mimi nikarudi shuleni.

Nilipopata nafasi ya chuo aliniahidi koti kabla sijaondoka. Lilifika muhula wa pili, limefungwa kwa gazeti. Jeusi, refu, bitana nyekundu, na mbele vifungo vikubwa vimeshonwa kwa uzi mara mbili. Nililivaa palepale stesheni ya mabasi nikakaa juu ya begi nikalia tena, safari hii si kwa hasira. Nilikuwa mbali na nyumbani, chuo kilikuwa kinanishinda, na mtu alikuwa amekaa Oyugis akifikiria baridi yangu.

Kila niliposema ber na rach kwenye video, nilimsikia yeye. Nilipompigia simu aliuliza afya, mama, kanisa, kisha kwa sauti ya chini, "Yule dada, bado?" Bado, Jaduong'. Katika kazi hii nimeepuka mwisho wa gemu ile kama mtu anavyoepuka kuambiwa matokeo ya mpira kabla ya kutazama. Nimezima video za watu katikati. Halafu simu zake zikaanza kuchanganyika na habari za macho. Presha ya macho, dawa ya matone, hospitali. Moja likazima. La pili daktari akasema linafuata. Alikuwa amehamia nyumbani kwake karibu na Kosele, na Mama ndiye aliyenipa habari kamili: anaona mwanga na rangi, sura za watu hazioni tena. Niliogopa tumechelewa.

Mwaka huu waliotengeneza gemu wakaitoa upya, imesafishwa, na sura ya mwisho sasa ina mahali pa kusevu. Niliinunua siku hiyohiyo, nikacheza mpaka karibu na mkubwa wa mwisho, nikasevu hapo. Nilifunga safari na laptopu yenye chaji kamili, lakini mvua ilikuwa imeharibu barabara ya ndani ya Kosele, pikipiki ikazama kwenye tope, na nilipofika, nimelowa mpaka magoti, ilikuwa tayari mchana unakwisha. Siku yenyewe, Ijumaa. Sikupanga. Mama aliniona mlangoni akaanza kucheka peke yake.

"Amosi, Jaduong'," nilimsalimia kwa Kijaluo. Alikuwa kwenye kiti chake kirefu cha sebuleni, cherehani pembeni yake chini ya kitambaa cheupe kilekile. Alishika mkono wangu, akapanda nao mpaka kifuani kwenye koti, akahesabu vifungo kwa vidole. "Kimoja umebadilisha," alisema. Kweli. Nikamwambia nimeleta nini. Akauliza jua liko wapi. Nikamwambia lipo bado, juu ya migomba. "Basi cheza. Mimi nitasikiliza."

Nilipiga magoti mbele ya meza nikacheza, nikimsimulia. Nguzo zilipoficha adui aliinamisha kichwa pembeni, macho yake hayaoni na bado anachungulia. Nilipokwepa alinong'ona, "Amepumua." Kamera wameirekebisha kidogo, pikipiki za wizi bado zipo. Mkubwa akaanguka. Ngazi. Mlango mweupe. Nilitazama dirishani, jua lilikuwa limegusa migomba, na mzee alikuwa amegeuza uso upande huo kwa sababu mwanga wake alikuwa bado anauona. Sikuomba dakika. Nilisukuma mlango.

Nje ya mlango kulikuwa na paa tu, na anga. Nyar Polo alitembea hadi ukingoni. Akaweka upanga chini. Akakaa, miguu inaning'inia. Jua la kule likazama polepole, yeye akasogea kidogo upande mmoja, na gemu ikawa giza. Basi. Majina ya watengenezaji yakaanza kupita. Miaka yote ile, kwa hiki? Nilitaka kumtungia mwisho mwingine, kweli nilitaka, ndugu anatokea, wanakumbatiana, na asingejua. Mama alikuwa amesimama nyuma yetu na jagi la maziwa.

Mzee akanyoosha mkono mbele yangu, mtupu, mahali pa rula. "Ber?"

Nikamwambia ukweli. Amekaa chini. Yule mtu wa Ogwedhi angefurahi. Na amefunga kazi jua likizama. Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu, ameridhika. "Huyo ni mtu wetu," alisema. "Rach?"

"Hatuonyeshwi ndugu yake," nikasema. "Baada ya yote, Jaduong', hatujui kama alimpata."

"Wewe hukusikia?"

"Kusikia nini?"

"Nyayo. Mwisho kabisa, chini ya ule muziki. Mtu mwingine alikuwa anakuja nyuma yake, viatu vyepesi." Akanigeuzia uso. "Yeye alifanya nini?"

Nikakumbuka. Nikamwambia, "Alisogea. Kidogo, upande mmoja."

"Akampa nafasi," alisema Mzee wa Kanisa.

Nje jua lilikuwa linamalizikia. Nilizima laptopu mwenyewe kabla hajaniambia, na Mama akaanza wimbo wa kufungua Sabato. Mzee akashika mkono wa kiti, akajivuta pembeni polepole, na kupapasa ile nafasi iliyobaki. "Erokamano, nyara," alisema, asante. "Kaa."

Nikakaa.